Donatha Hataki Kubebwa

Kabla ya ugonjwa, binti yangu Donatha alipanda na beseni la samaki kichwani kutoka ziwani mpaka Rugerero, na wanaume wenye fimbo wakampisha njiani. Asubuhi moja, akiwa bado ananyonyesha, alianguka mlangoni. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kulia vikapooza.

Majirani walimpeleka hospitali kwa ingobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa, ambacho kila nyumba ya kilima chetu hutoa mtu wa kukibeba begani. Kwa hilo nawashukuru. Lakini hospitali walimrudisha na neno moja: atembee kila siku, hata kwa kuburuta. Nani alilisikia? Walimbeba kwenda misa, walimbeba kwenda arusini, walimbeba mpaka kwa jirani anayeonekana kutoka uani. Wema huo ulikuwa unamla mguu mbele ya macho yangu.

Kila alasiri nilikwenda kwake, nikamshikisha mpini wa jembe, tukazunguka nyumba. Mama mkwe wake, Mukamazimpaka, alicheka: "Unamufundisha kulima ao kucheza?"

Jumapili ya ubatizo wa mtoto, wabebaji walifika mapema. Donatha akasema, maneno yakimtoka mazito: "Leo nitaenda na miguu yangu."

"Watu watasema kilima chetu hakina wanaume," akajibu Mukamazimpaka. "Mumulaze ndani ya ingobyi."

Nilijua akilala humo leo, hatajaribu tena. Nikaingia mimi, nikajinyoosha.

"Haya, mubebe huyu. Mi niko muchovu."

Nzeyimana, mkubwa wa wabebaji, akakuna kichwa. "Mama, we iko muzito kuliko ng'ombe."

"Basi mupumzike."

Phocas, mume wa Donatha, akamkabidhi Mukamazimpaka mtoto, akampa mkewe bega. Wakatoka. Mguu ulichora mstari katika udongo mweusi. Kwenye mteremko Donatha alianguka. Nzeyimana alipokimbia kumnyanyua, Donatha akamfukuza kama mbwa, akainuka kwa kumshika Phocas mkanda.

Tulipofika kanisani, padri alikuwa amekwisha kuondoka. Mukamazimpaka akanigeukia mbele ya watu. "Umeona? Mutoto amebaki mupagani sababu yako."

"Jumapili ingine iko," nikamwambia. "Mama yake atakuja tena hivi hivi. Mutoke mapema."