Folda ya Ramani Haifunguki

Asubuhi hiyo shangazi yangu alikuwa kwenye benchi la baraza la ardhi, Rudewa. Jirani alidai shamba la mihogo ni lake. Nakala ya ramani ya shangazi ilikwenda na maji nyumba ilipofurika. Iliyobaki ilikuwa kwenye seva ya ofisi yetu ya upimaji, Kilosa mjini. Mwenyekiti alikubali kuiona kwenye laptop ya mpimaji wetu, aliyekuwa pale na shangazi. Mimi, fundi mtandao, nafanyia kazi nyumbani Mikumi.

Mpimaji akanipigia. "Dada, VPN imeunganika, naingia mtandao wa ofisi vizuri. Folda ya ramani ndiyo haifunguki."

"Umekosea nywila."

"Sijakosea."

Nikamjia juu, nikamwambia aache ubishi. Nilipojaribu mwenyewe, yakawa yale yale. Ruta ya ofisi ilijibu, seva kimya. Ruta inatumia betri ya sola, seva inategemea umeme wa kawaida. Basi ofisini umeme haukuwepo.

Ofisini hakuna aliyepokea simu. Mhasibu alikuwa amefiwa na mama yake huko Berega, na kwetu msiba ukitokea ofisi inafungwa, watu wanakwenda kuzika. Nikampigia mlinzi, naye yuko hukohuko msibani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeme wa ofisi vipi?"

"Nimezima swichi kuu. Mvua hizi, radi ingeunguza mashine zenu na mtu hayupo. Ufunguo ninao mfukoni."

Nilitaka kumfokea, jamani, lakini nyuma yake nilisikia majembe yakifukia. Nikamweleza taratibu. Aliondoka makaburini bila kunawa mikono, akapanda bodaboda kwenye tope lile lote.

Mpimaji aliomba wasubiri. Mwenyekiti akasema shauri limeahirishwa vya kutosha, baraza linaamua kwa kilichopo mezani. Shamba akapewa jirani. Rufaa ipo, wanasema, ila shangazi ameshachoka na mabenchi.

Jioni folda ilifunguka bila shida. Ramani ile pale, mipaka yote, jina lake juu. Niliiangalia kwa hasira mpaka macho yakauma, kisha nikampigia shangazi.

"Mashine imepona?" akauliza.

"Imepona, shangazi."

"Alhamdulillahi. Na wenzako wamezika salama?"

"Wamezika."

"Sasa ile mihogo niliyopanda juzi, mwanangu, nikaing'oe, au nayo ni yake?"