Baba mkwe wa Bibi alibatizwa enzi za Mjerumani, na Bibi hataki kulitaja jina lake

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe, na Bibi yangu yuko hai Ngonga, Kyela. Asiyeamini aende akamuulize. Aende na sukari.

Mnawajua wale vijana wa mashati meupe na tai, wanaotembea wawili wawili? Watu huwaita Wamormoni. Nimekuwa nikisali nao, na maswali yenu yaleyale nimewauliza.

Kwa nini kijana wa miaka ishirini anaitwa Mzee? Ni cheo.

Mtoto anapewaje jina? Baba na wenzake wanampakata mbele ya kanisa, wanamwombea, na jina linatamkwa hapo.

Na wafu? Nao hubatizwa, mjukuu akisimama badala yao. Ila lazima jina lijulikane.

Hapo nikakwama.

Baba wa babu yangu alikuwa kijana kule Matema, ufukweni mwa Nyasa, enzi za Mjerumani. Sisi tulimwita Babu Mkubwa, basi. Katika ukoo, aliyebaki anayelijua jina lake la ubatizo ni Bibi, na Bibi ni mkwe wake.

Kwa wasiojua: kwetu Unyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe, wala halitaji jina lake. Akikutana naye, anajifunika kanga na kumwachia njia.

Nikamwendea Bibi, akakataa kulitaja. "Bibi, si alikufa zamani?"

"Yeye amekufa. Mimi bado ni mkwe."

Nikamweleza habari za kanisa lenyewe, na kwamba siku hizi wenyewe hawapendi kuitwa Wamormoni.

"Hawataki jina litajwe? Hao wana adabu."

Jirani yake, Bibi Tusajigwe, alikuwa anapepeta mchele. "Si ndio wale wa wake wengi?"

Nikasema zamani, walipoanza, ndiyo. Serikali yao ikawabana mpaka viongozi wao wakapiga marufuku.

"Kumbe kila mtu ana Mjerumani wake wa kumkataza," akasema Bibi Tusajigwe.

Ndipo Bibi akasimulia.

Pale Matema mzee mmoja mwenye wana wengi alibatizwa Ibrahimu. Jumapili iliyofuata mmisionari akafungua mahubiri yake: Ibrahimu. Wakwe wote wa yule mzee wakajitupia nguo vichwani, wakatoka mbio. Mmisionari akadhani hawakusikia, akalirudia kwa sauti. Wakazidi kukimbia.

Akaona labda wanawake wamemchukia Ibrahimu kwa ajili ya Hajiri. Wiki iliyofuata akahubiri Isaka. Tatizo, mzee mwingine alikuwa tayari ni Isaka. Kanisa likabaki la wanaume na mbuzi aliyepotea njia.

Babu Mkubwa, kijana asiye na mke, alikuwa anatazama tu. Zamu yake ilipofika akasema, "Bwana, nipe jina ambalo hujawahi kulihubiri."

Mmisionari akambembeleza achukue Yohana. Akakataa. Heri arudi nyumbani bila ubatizo.

"Yohana atawafukuza wake za wanangu."

"Wanao wako wapi?"

"Watakuja."

Bibi akaikaza kanga yake. "Wenzangu wamesikia nusu ya Injili. Mimi sijawahi kutoka nje hata siku moja."

Wakuu, hebu fikirieni hilo. Kuna mtu alimpenda Bibi yangu kabla ya kuzaliwa kwake, akaenda kumtafutia nafasi ya kukaa kanisani kama mtu anavyotafuta kivuli cha kuwakalisha wageni.

Nikauliza jina lenyewe ni lipi. Bibi akajifunika kanga, akaziba masikio, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zote. Bibi Tusajigwe akaninong'oneza: "Mefiboshethi."

Nikaandika. Bibi akajifunua. "Sasa akishabatizwa, inakuwaje?"

Nikajibu kwa furaha kwamba mwishowe ukoo mzima unaunganishwa, tunakaa pamoja milele.

"Na yeye?"

"Na yeye."

"Na mimi?"

"Nawe, Bibi."

"Milele yote hiyo, mjukuu wangu, nijifunike kanga?"

Nikaishusha kalamu. Akafikiri sana, halafu akasema, "Mwandike. Amestahili. Ila uwaambie wampe nyumba ng'ambo ya mto."

Nilichojifunza: kabla hujamuahidi mtu milele, muulize anaishi vipi na wakwe.

Jina nimelipeleka. Wenye uzoefu na mambo haya, nielekezeni: hilo la mto nalipeleka ofisi gani?