Walidhani Nimekuja Kutoa Semina

Kwa miaka mingi nilisema sinywi pombe, nakunywa mvinyo. Walevi walikuwa wale wa uraka na nipa, pombe za mabibo ya korosho, wanaolala mitaroni msimu wake ukifika. Mimi nilikuwa na shahada mbili, nyumba ya kupanga Shangani, hapa Mtwara, na makala zangu gazetini. Mvinyo niliunywa kwenye kikombe cha chai, tena nikikipuliza, ili jirani akipita adhani ni cha moto. Leo nakiri: nilikuwa mlevi kama wao, ila wao hawakuwa wakipuliza.

Mwili ulikiri kabla yangu. Asubuhi nilitapika nyongo kabla ya kupiga mswaki. Miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Mikono ilitetemeka hata kalamu ikawa kazi. Nilisema ni malaria, halafu ni umri, halafu ni joto la Mtwara.

Binti yangu Fausta, anayeishi Dar es Salaam, hakudanganyika. Aliposhika mimba yake ya kwanza nilimwambia nitakuja kumuuguza uzazi, kama mama yangu alivyoniuguza mimi: kumkanda kwa maji ya moto, kumwogesha mtoto, kupika uji, mpaka arobaini iishe.

"Shangazi atakuja," akasema.

"Shangazi yako kwa lipi? Mama yako si niko hai?"

"Mikono yako, mama. Sitaki mtoto ashikwe na mikono hiyo."

Nilikata simu.

Nikaenda hospitali. Daktari alinibonyeza chini ya mbavu za kulia, nikaruka. "Ini limevimba, mama. Ukiacha pombe bado linaweza kupona. Lakini usiache ghafla peke yako. Njoo tukusimamie." Nesi akanielekeza kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, kinachokutana Magomeni ya hapahapa Mtwara kila Jumamosi. Nilifurahi kwamba ni Magomeni. Huko hanijui mtu.

Nilivaa suti, nikabeba mkoba. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mwanamke mwenye suti na mkoba akiingia kwenye kikundi, basi ni semina. Mwenyekiti, Bi Somoe, ambaye zamani alikuwa akipika nipa na kuionja kupita kiasi, alinifutia kiti cha mbele. Dereva wa bajaji aitwaye Dadi akauliza, "Mwezeshaji, soda zinakuja sasa hivi au mwishoni?"

Ningeweza kusema. Badala yake nilisimama nikawafundisha kazi za ini. Wakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani nikajipongeza kwa vikombe vitatu. Jumamosi iliyofuata nikawafundisha figo.

Kisha nikaamua kuacha kivyangu. Msomi haambiwi mara mbili. Haambiwi hata mara moja. Jasho lilinitoka mpaka godoro likaloa. Niliona sisimizi ukutani ambao hawakuwapo. Siku ya tatu nikaanguka jikoni, mwili umekakamaa. Jirani alinikuta nimejikojolea na nimejiuma ulimi. Nikalazwa. Daktari alisema tu, "Nilikuambia, mama," akaniwekea dripu.

Nilipotoka nilirudi Magomeni. Ulimi ulikuwa umenijaa mdomoni, hotuba isingewezekana.

"Leo unatufundisha nini?" akauliza Bi Somoe.

"Nakunywa," nikasema. "Hata mimi nakunywa."

Dadi akashusha pumzi. "Kwa hiyo soda hazipo."

Wakacheka, nami nikacheka, ulimi ukatoa damu. Bi Somoe akakivuta kiti changu kutoka mbele, akakiingiza kwenye duara. "Kaa, dada. Tulishakunusa tangu siku ya figo."

Tangu hapo nakwenda. Sitasema ni raha. Kuna Jumamosi tunakuwa watu wanne, feni haizunguki, na Dadi anarudia kisa tunachokijua sote. Msimu wa mabibo ulipofika, mitaa ilinuka uraka nami nikateleza. Nikaenda nikawaambia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenisonya. Kusema ukweli uleule kila wiki kunachosha, lakini ndiyo dawa niliyopewa, na nawashukuru walionipa. Wewe unayesoma haya na kikombe chako pembeni, anzia hospitali, usijifungie chumbani. Halafu tafuta watu. Ukiwakosa mtaani kwako, uliza zahanati. Na vaa nguo za kawaida.

Fausta nilimwambia yote, na kuteleza pia. Kila mara alijibu "sawa" tu. Alipojifungua mtoto wa kike nilipata habari kwa mkwe wangu. Siku chache baadaye Fausta alipiga mwenyewe, mimi nikiwa nafua.

"Shangazi amefika?" nikauliza.

"Nimemwambia asije. Mama, huku kuna kikundi kama chenu. Wanakutana Jumatano, karibu na kwangu. Nimewauliza, wanapokea wageni."

"Umewauliza wewe?"

"Sasa angewauliza nani? Jumatano jioni mtoto nitakaa naye mimi, wewe utakwenda. Siku nyingine utamshika wewe."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa sauti kavu, ya njaa.

"Kata tiketi ya kesho," akasema Fausta. "Huyu hanipi usingizi."