Mbuzi Wanne wa Mama na Matibabu ya Uingereza

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, daktari wa hospitali moja ya Kitui alimwambia mama kwamba mguu umepona na anaweza kwenda nyumbani. Saa nne na nusu karani akamwambia kwamba hawezi. Alidaiwa shilingi 2,300, na mpaka zilipwe angekaa wodini, ambako kitanda kilitozwa shilingi 40 kwa siku. Yaani alizuiliwa kwa kukosa pesa, na kwa kuzuiliwa akaongezewa deni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mvua ilikaribia na shamba lake halikuwa limelimwa.

Mimi nilikuwa msomaji wa magazeti makuukuu ya kufungia sukari. Nilijua kwamba Mwingereza hutibiwa kwa kodi, Mjerumani kwa mfuko anaouchangia pamoja na mwajiri wake, na Mmarekani kwa bima au, akiikosa, kwa maombi. Mama alikuwa na mbuzi wanne. Nilipendekeza tuwauze siku hiyo hiyo, shilingi 700 kila mmoja, tumalize.

Mjomba, kaka yake mama na mwenyekiti wa kila kikao chetu, alinitazama kana kwamba nataka kumuuza mama mwenyewe.

"Ukiuza mbuzi, watu watasema dada yangu hana watu," alisema. "Tutafanya harambee."

Harambee ilingoja Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwa kuwa mgeni wa heshima alikuwa na nyingine. Ilihitaji pia chakula, maana mtu hawezi kutoka Kilungu kuja kutoa pesa na njaa. Mchele, mafuta na soda tulichukua dukani kwa shilingi 1,050. Nyama hatukununua, tulichinja mbuzi wawili wa mama. Mjomba alitusifu kwa kubana matumizi.

Niliombwa niseme machache, nikaeleza zile nchi tatu. Walinisikiliza kwa adabu, wakitafuna. Mgeni wa heshima alijibu kwamba Wazungu hawapendani, ndiyo sababu wanalipiwa na serikali. Alipigiwa makofi, akatoa shilingi mia mbili, akafungiwa paja aende nalo.

Zilipatikana 3,120. Tulipomlipa mwenye duka zikabaki 2,070, na bili ilikuwa inakaribia 2,860. Jumanne iliyofuata nikawauza kwenye soko la Kabati wale mbuzi wawili waliobaki, nikamtoa mama.

Njiani aliniuliza, "Huko Uingereza unakokusoma magazetini, kitanda ni pesa ngapi?"

"Bure, mama."

"Na mbuzi wanachinja?"

"Hawachinji."

"Wangu je, wamekula?"

Nilimwambia wameliwa.

Jioni nilipiga hesabu: siku za ziada wodini 560, vyakula 1,050, mbuzi wawili wa kitoweo 1,400. Ili tusiuze mbuzi kwa deni la shilingi 2,300, tulipoteza shilingi 3,010.