Ngozi Yetu Haiwi Nyekundu

Kitabu cha misingi ya uuguzi kilisema mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake ikaguliwe pale mifupa inapokaribia juu: visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Ukiona wekundu, kilisema, kidonda kimeshaanza. Nilikariri hayo yote nikafaulu mtihani. Mwaka ule ningeweza kukariri chochote, kwa sababu kichwani hamkuwa na kitu kingine.

Mwanangu wa kwanza alikuwa amefariki kabla ya arobaini yake. Asubuhi alikuwa na homa, jioni wanaume walimchukua kwenda kumzika, na sisi wanawake tukabaki ndani kama ilivyo desturi ya kwetu Handeni. Waliporudi walinawa mikono wakala. Hakuna aliyenieleza lolote, nami sikuuliza. Likizo ilipokwisha nikarudi chuoni Korogwe, nikatandika vitanda, nikapima mapigo ya moyo, nikawaambia watu pole. Sikulia. Wenzangu walinisifu kwamba nimejikaza, nikawaacha waamini hivyo, maana kuwaeleza kwamba sisikii kitu chochote kungechosha.

Katika hali hiyo ndipo baba mkwe alipoletwa hospitalini kwetu akiwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea wote, lakini maneno yalitoka, mazito kidogo. Alilazwa wodi ya wanaume. Mimi nilipangiwa ya wanawake, jirani tu. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka kukimbiwa. Tangu niolewe sikuwahi kula naye wala kumtazama usoni. Nilimwamkia nikiwa nimepiga magoti kwa mbali, naye aliitikia marahaba huku akiangalia kwingine. Akitaka kuniambia neno, alimtuma mtu hata kama nimesimama hapo hapo.

Mzee akakataa kuoshwa na wauguzi wa kike. "Hawa ni watoto wangu," alisema, na hapo mjadala ukafungwa. Muuguzi wa kiume wa wodi ile alikuwa likizo. Akabaki mume wangu, fundi wa umeme aliyekuja kutoka Hale asubuhi na jioni, mwenye mapenzi mengi kwa baba yake na asiyejua kabisa kumgeuza mtu. Mchana kutwa mzee alilala chali. Mume wangu alipofika tulifanya kazi kwa utaratibu wetu wenyewe: yeye ndani ya pazia, mimi nje nimewapa mgongo, nikitoa maelekezo.

"Kunja kwanza goti la kushoto. Siyo hilo."

"Hili?"

"Kushoto kwake, siyo kwako. Na usimvute kama gunia la mahindi, huyo ni baba yako."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mmoja akapaza sauti: "Mzee, mficha uchi hazai! Mwache nesi aingie." Methali ile ilinipita bila kunigusa, kama mengi ya wakati ule.

Kila alipomgeuza nilimuuliza kama pana wekundu, naye akajibu hapana. Lakini Jumamosi moja jioni, alipomrudisha chali, mzee aligumia. Nikatazama mkono wangu mwenyewe. Maisha yangu yote ngozi hii haijawahi kuwa nyekundu. Tumeungua jua, tumeungua moto, inazidi kuwa nyeusi tu. Aliyeandika kitabu kile alikuwa na ngozi nyingine mbele yake. Kwa watu wetu jambo hili halitazamwi, linashikwa: unatafuta joto na ugumu kwa kiganja.

Nikamwambia mume wangu ashike. Akashika, akasema ni mgongo tu, una joto kama mgongo. Hakuwa na wa kulinganisha nao. Mimi nilikuwa nimeshika migongo mingi, na nilikuwa nimeona vidonda vya wazee waliolala chali, jinsi vinavyofunguka na kula nyama hadi mfupa, na jinsi wazee hao wanavyotoka wodini wakiwa wamefunikwa uso.

"Mwambie baba nataka kuingia," nikasema.

Kisha nikaisikia sauti ya mzee. "Mwambie aingie. Wewe toka."

Nilinawa mikono, nikaingia. Tulifundishwa kumwambia mgonjwa kila jambo kabla ya kulifanya, na kumfunua pale tu panapohitajika. Nikayashika mafundisho hayo kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika.

"Shikamoo, baba. Nitakugeuza ubavu wa kulia. Nitafunua mgongo peke yake."

"Marahaba."

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaweka kiganja juu kidogo ya makalio. Palikuwa pa moto, na pagumu kama papai bichi, lakini ngozi ilikuwa haijapasuka. Tulikuwa tumewahi. Sikufurahi, nilijua tu kwamba ni habari njema.

"Hutalalia hapa tena, baba. Sasa nakuwekea mto mgongoni, usirudi chali."

Alikuwa ameelekea ukutani. Akasema, bila kumtuma mtu, "Ndivyo nilivyomlaza."

Nikaendelea kupachika mto.

"Mwanao. Niliingia kaburini mwenyewe, sikumwachia mtu. Nilimlaza ubavu wa kulia, hivi hivi, nikamwekea mabonge ya udongo mgongoni asirudi chali." Akapumua. "Alilala vizuri, mama."

Mume wangu akauliza kutoka nje ya pazia kama tumemaliza. Akauliza tena. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, nalia kwa sauti.