Namba Hazina Shangazi

Chuoni walimwita Bwana Mia. Jina lake halisi lilibaki likijulikana na kitambulisho peke yake.

Alikuwa karani wa ofisi ya michezo, mjane, na mwenye imani moja: timu ya mpira wa kikapu haipimwi kwa wingi wa pointi. Wapo wanaokimbia kama waliosahau kuzima jiko. Hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Pima kwa zamu mia. Ikishika mpira mara mia, inafunga ngapi? Wapinzani wakishika mara mia, wanaifunga ngapi? Toa, ukweli huo hapo. Kamati ya ligi ya wasichana wa vyuo iliitegemea karatasi yake kuchagua timu mbili za kwenda mashindanoni.

Binti yake alikuwa kocha wa chuo cha ualimu. Karatasi ilisema: anafunga sitini na saba, anafungwa sabini na tatu. Wa saba kati ya wanane.

Akapiga simu. "Baba, wasichana wangu wakikosa, mpira tunauokota wenyewe, tunatupa tena. Wewe kila tukiokota unaandika zamu mpya. Zamu ni ileile! Nani katunyang'anya?"

"Mwanangu, namba hazina shangazi."

Alijiona amesema neno. Simu ikanyamaza miezi miwili, naye akaendelea kupika chakula cha mtu mmoja, na bado kikabaki.

Jumamosi moja, kwenye foleni ya kantini, mpiga chapa wa chuo aliyekuwa mbele yake aliangusha sahani, akainama kuiokota. Bwana Mia akasogea.

"Zamu yangu sasa."

"Zamu yako kivipi, mzee? Kwani mimi nimeondoka?"

Bwana Mia alisimama pale mpaka walio nyuma wakaanza kumsukuma. Kisha akaenda nyumbani bila kula, akashinda Jumapili nzima na karatasi za msimu, akihesabu upya. Binti yake: anafunga themanini na sita, anafungwa sabini na tisa. Wa pili. Timu ya chuo chake mwenyewe ikashuka hadi ya tatu.

Jumatatu alibandika orodha, chini ameandika, "Kosa ni langu." Kocha wa timu ya hapo chuoni aliisoma mara mbili.

"Mzee, umetuuza. Na chai yetu unakunywa!"

Meza ya chai ya makocha ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kumkaribisha, na sasa nayo imemfungia. Akaingia ofisini, akampigia binti yake.

"Ulikuwa sahihi. Mmekuwa wa pili. Mnakwenda."

Sauti ya upande wa pili ikalainika. "Baba, ulirudia kuhesabu kwa ajili yangu?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi sana.

"Hapana," alisema, kwa uadilifu wake wote. "Nimerudia timu zote nane."

"Sawa, Baba. Asante. Ngoja nikimbie, nina mazoezi."

Ratiba za timu zote nane zilikuwa ukutani mbele yake. Chuo cha ualimu hakifanyi mazoezi Jumatatu.