Zamu ya Kumlinda Mgonjwa

Juzi mvua ilinikuta Mbarara, nikakimbilia baraza ya duka la vitambaa. Mwenye duka, mama wa Kiislamu, aliponiona nimelowa chapachapa akatoa mtandio mweusi. "Jifunike, mama, utapata homa." Wema mtupu, jamani, lakini mikono yangu ilikataa kuupokea. Nikarudi mvuani mbio. Najua alinishangaa. Basi wewe uliyenizoea, keti nikueleze, maana jambo hili nimelibeba peke yangu tangu nikiwa na miaka tisa.

Tulikuwa tunakaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa kwa maturubai. Nilikuwa na nyanya tu, bibi yangu. Wengine walibaki njiani. Asubuhi nilichota maji, kisha nikachambua mawe kwenye maharage ya msaada, na mchana kijiji kizima kilinuka sombe, majani ya muhogo, iliyochemshwa bila mafuta. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu. Mama jirani alitusuka nywele, mimi na binti yake, tukigombana nani aanze, na vidole vyake vilinukia sabuni. Huyo binti ndiye alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Tukikimbia hatua kumi tu, anachuchumaa kutafuta pumzi.

Akazidiwa, akalazwa Mbarara. Hospitalini, unajua mwenyewe, mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza ni kama ametupwa. Ndiyo maana kina mama wa kanisa letu walikuwa na zamu: kila juma mmoja anakwenda na unga wake kumlinda mgonjwa, ili mama mzazi apate nafasi ya kutafuta kibarua. Nyanya ndiye aliyezipanga zamu hizo, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Zamu yake mwenyewe ilipofika, akanichukua twende wote Mbarara. Mchana mmoja, mvua kubwa ilipokatika, akanituma chumvi. Nikapita kwenye nyumba moja ya wafanyabiashara, mlango wazi, na nani nikamwona ndani? Mama jirani, amejifunga mtandio mweusi kichwani mpaka kiunoni, ameketi mkekani anakula pilau na mwanamume mwenye kofia. Nilisahau hata chumvi. Nikakimbia kumwambia nyanya.

"Alaa!" nyanya akasema. "Kumbe hii ndiyo kazi alikuwa anatafuta!"

Kanisani kwetu mtu akionekana amekosa aliwekwa chini ya adabu. Alikalia benchi la nyuma kabisa, Meza ya Bwana haimhusu, hapewi mkono, na kina mama hawamhudumii mpaka atubu. Jumapili iliyofuata mama jirani akaitwa. Mimi nikasimamishwa mbele ya wazee wa kanisa, nikaulizwa niliona nini. Nikasema mtandio, nikasema pilau, nikasema mwanamume. Nikanyamaza hapo.

"Uliingia mule?" mzee mmoja akamuuliza.

"Niliingia."

"Ulivaa kitambaa chao?"

"Nilivaa. Lakini munihukumu kisha, wazee wangu. Mama wa zamu aende kwanza. Mugonjwa ni mutoto, si mimi."

Nyanya akasimama. "Bamama ba kanisa habawezi kutumikia mutu mwenye ameacha Yesu."

Zamu ikafutwa. Mama jirani akarudi Mbarara peke yake, analia barabarani bila kujifuta. Hakuna aliyemsindikiza hata mpaka Rwekubo kwenye magari. Mimi nilimchungulia kupitia ufa wa mlango.

Rafiki yangu alikufa kabla juma halijaisha. Mama yake alikuwa kwenye kufua nguo za watu. Alikufa bila mtu kitandani pake. Maiti ililetwa na gari la yule mwanamume mwenye kofia, na mke wake alishuka amelishika jeneza kwa mkono. Baada ya mazishi mke huyo akatugeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda:

"Huyu mama alikuwa anafua nguo kwetu. Siku ya kwanza mvua ilimpiga sana, mimi nikamupa nguo yangu ya kichwa, nikamwambia akule na sisi. Sasa nyinyi watu wake, nani alikuwa anabaki na mtoto?"

Nyanya alipiga magoti kwenye udongo ule mbichi, tukashindwa kumwinua. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kwa hiari yake. Mchungaji alimbembeleza mpaka akachoka. Alilikalia mpaka alipokufa.

Jumamosi iliyofuata mama jirani aliniita. Nilijua nitapigwa, na nilitaka anipige. Akanikalisha mbele yake, akaanza kunisuka, polepole. "Ulisema kile uliona, mutoto wangu," akaniambia. "Bakubwa ndio habakuuliza."

Ole wangu! Sikusema nilichoona. Kwenye mlango wa nyumba ile ya wafanyabiashara kulikuwa na kitenge chake cha sare ya kina mama wa kanisa, kimetundikwa msumarini kinachuruzika maji, na dimbwi la maji yake nililiruka kwa miguu yangu mwenyewe. Niliona pia mikono ya mke wa nyumba ikipakua pilau. Lakini siku ile wazee walikuwa wananisikiliza mimi, mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza, na nilihisi kabisa kwamba nikitaja kitenge kile watageuka wasinitazame tena. Hata alipokuwa ananisuka, kichwa changu kiko mapajani mwake, sikufumbua kinywa.

Mwaka jana nilirudi Nakivale. Penye nyumba ya mama jirani pana mahindi. Kanisani kuna viti vya plastiki, benchi la nyuma hakuna anayelikumbuka. Nimeuliza mpaka kijiji cha Kabazana. Wengine wanasema alipelekwa nchi ya mbali, wengine wanasema alivuka akarudi kwetu. Nimekosa hata kaburi lake la kulilia.

Kitenge chako kilikuwa kimelowa, mama. Nilikiona.